Mistari Kwenye Paji la Mwalimu wa Historia

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Nakuru, na ndiye aliyeniambia, nikiwa bado na sare ya shule ya msingi, kwamba sitawahi kuosha filamu ikatoka sawasawa. "Una mkono wa haraka," alisema. "Unalitikisa tangi kama chupa ya dawa ya kikohozi." Nilinuna siku nzima, kisha nikarudi chumba cha giza nikalitikisa kwa hasira zaidi, ili nimwonyeshe. Filamu ikatoka na mistari. Mjomba aliianika tu kwenye kamba pale ambapo kila mteja angeiona.

Nimekuwa hivyo maisha yangu yote. Siwezi kungoja chai ipoe, kwa hiyo naungua ulimi kila asubuhi. Hata kuhamia Juba, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, kulitokana na tabia hiyo hiyo. Nilisikia kuna shule inatafuta mwalimu wa hesabu, na kabla sijamaliza kusikia nilikuwa nimeshakunja nguo. Dada yangu aliniuliza nakimbia nini. Sikuwa nakimbia kitu, nilikuwa nawashwa na miguu tu. Katikati ya nguo nikatia kamera ya mjomba na tangi lake la kuoshea filamu, vitu alivyoniachia alipofunga studio, pengine kwa kunicheka.

Kuosha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani si kazi ya ajabu. Unaizungusha filamu kwenye kigurudumu gizani, unakitia kigurudumu ndani ya tangi dogo lenye kifuniko, na baada ya hapo unaweza kufungua dirisha na kumimina dawa. Ugumu uko kwenye kulitikisa. Dawa lazima isogee ili filamu yote ipate dawa mpya, lakini isisogee kwa fujo. Kingo za filamu zina vitundu vya kuivutia ndani ya kamera, na ukitikisa kwa nguvu dawa hupita kwenye vitundu hivyo kwa kasi na kuacha alama, mstari mmoja mbele ya kila kitundu, ukiingia ndani ya picha. Usipotikisa kabisa, dawa iliyochoka hutuama na kuacha michirizi. Kuna mahali pa katikati pa kutulia, na mimi sijawahi kutulia mahali popote.

Juba ilinizidishia taabu. Maji yaliletwa na lori kutoka mtoni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ilibidi yakae kwenye zir, ule mtungi mkubwa wa udongo, siku mbili mpaka tope lishuke. Dawa inapenda nyuzi ishirini za joto. Kipimajoto changu kilisoma thelathini na mbili kabla sijavaa viatu. Dawa ikiwa na joto hufanya kazi mbio, kazi ya dakika nane inaisha kwa tatu, na katika dakika tatu hakuna nafasi ya kusahihisha kosa. Nikajifunza kuchota maji ya zir alfajiri yakiwa na ubaridi. Nikajifunza kuizimua dawa ili ichukue muda mrefu, na kuilowesha filamu kwanza kwa maji matupu ili dawa iipokee kote kwa pamoja. Yote hayo niliyaweza. Mkono tu ndio uliokataa shule.

Tulikaa mtaa wa Hai Malakal, karibu na shule. Mkuu wetu wa shule alikuwa mama kutoka Uganda, mnene, mcheshi, na mkali anapotaka. Alikuwa amekodi ua mzima. Mbele ilikuwa nyumba yake ya bati, pembeni chumba changu, na nyuma tukul moja, kibanda cha udongo na nyasi, alimotunza madawati yaliyovunjika na magunia ya mkaa. Sote tulimwita Mama.

Mwalimu wa historia wa shule yetu alikuwa kinyume changu kabisa. Wazazi wake walikimbia vita vya zamani wakiwa wamembeba mgongoni. Baba akafia njiani, mama akafika naye Kitale, na huko ndiko alikokulia na kusomea. Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale hasa. Uhuru ulipokuja alirudi kwenye nchi ambayo hakuikumbuka hata kidogo. Alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, na mpole wa kuudhi. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando. Alifuta ubao kwa kuushusha mkono kutoka juu mpaka chini, ukanda mmoja baada ya mwingine, huku mimi nimesimama mlangoni na vitabu vyangu nikingoja darasa, nikitamani kumpokonya kile kifutio. Nilimpenda sana, kama unavyompenda ndugu anayekupandisha presha.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimpiga picha pale uani. Niliisimamisha kamera wima, nikamsogelea mpaka uso ukajaa. Alasiri hiyo hiyo nikaiosha filamu, nikilitikisa tangi huku nabishana na Mama kupitia dirishani juu ya ratiba ya mitihani. Ilipokauka nikaichapa, na nikaona nimeharibu. Mistari mitatu ya weupe ilikuwa imelala kwenye paji la uso wake, ikitoka pande zote mbili na kukutana katikati. Mashavuni kulikuwa na mingine hafifu, lakini hiyo hakuna aliyeitazama.

Lazima nieleze kwa nini. Kuna watu wa nchi ile ambao mwanamume wao anapoingia utu uzima huchanjwa paji la uso, mistari inayolala kutoka sikio hadi sikio, na makovu yake hukaa mpaka kaburini. Mwalimu wa historia alikuwa wa watu hao. Lakini alikulia Kitale akivaa kaptula ya shule, na hakuna aliyemchanja. Paji lake lilikuwa laini kama langu. Sasa mimi, kwa mkono wangu mbaya, nilikuwa nimemchanja.

Nilimpelekea picha ile nikiwa nacheka kwa aibu. "Mwalimu, nitairudia. Nimetikisa vibaya."

Aliitazama muda mrefu, na mimi nikaanza kuhama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Imeharibika," nikasema. "Nipe niitupe."

"Madam, tulia kidogo." Akaigeuza kwenye mwanga. "Huyu ni mzee wangu."

Hawakuwa na picha hata moja ya baba yake. Mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba amefanana naye, na yeye hakuwahi kusadiki, kwa sababu alikumbuka kitu kimoja tu cha baba, makovu ya paji aliyoyagusa kwa vidole akiwa amebebwa. Akaniomba nakala mbili. Moja aliituma Kitale kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Mama yake akapiga simu, akapiga vigelegele, akalia, halafu akauliza ni nani aliyemchanja na kama iliuma. Mwalimu alitusimulia hayo chumba cha walimu akiwa anacheka, na machozi yanamtoka.

Nakala ya pili aliibandika kwenye kadi ya kazi. Shule ilikuwa imeamua kila mwalimu awe na kadi, kipande cha manila kilichoandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri, na kila mtu alete picha yake ndogo. Mama, mkuu wetu, alipoiona akavaa miwani.

"Mwalimu, hii picha iko na nini kwa kichwa?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi naona ni wewe. Nauliza hii laini."

"Ni makosa ya Madam," akasema, akinyoosha kidole kwangu. Tukacheka wote. Mama akaipaka gundi, akaibandika, akapiga muhuri nusu kwenye kadi na nusu kwenye picha. Mimi, niliyekuwa naishi nchi ile mwaka wa pili na kujifanya naielewa, sikuwaza lolote zaidi ya kwamba kosa langu limepata pa kukaa.

Wiki moja hivi kabla ya Krismasi, katika mwaka wa tatu wa uhuru, milio ilianza upande wa kambi ya jeshi. Nilidhani ni fataki. Nikatoka nje kutazama, maana mimi ni mtu wa kutoka nje kutazama, na Mama akanivuta ndani kwa gauni mpaka likachanika kwenye mshono. Tukakaa sakafuni siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, mwalimu wa historia akaingia kwa nyuma, pale ua wa matete ulipokuwa na pengo, ameshika viatu mkononi.

Alitueleza yaliyotokea mtaani kwake. Askari waliokuwa wakiwasaka watu wake waliwaita wanaume nje ya nyumba zao. Waliulizwa maneno mawili matatu ili isikike wanaongea lugha gani, na walitazamwa paji la uso. Jirani yake mmoja hakurudi ndani, na mwingine pia. Alieleza taratibu kama anavyoeleza kila kitu, na mimi nikataka amalize haraka ili nisisikie. Kisha akatoa pochi yake kutafuta leso, na kadi ikaanguka juu ya mkeka, picha ikiwa juu.

Tulikuwa tunaitazama ile mistari sote watatu.

Mama alimweka kwenye tukul, nyuma ya madawati. Siku zile Kenya ilileta ndege za kuwachukua watu wake, na mimi nikapigiwa simu niende uwanja wa ndege na pasipoti yangu. Sikwenda. Sijisifu. Nisingeweza kukaa kwenye kiti cha ndege hata dakika moja nikijua niliyemchora mistari yuko nyuma ya madawati. Nilikuwa natembea kutoka mlango wa chumba changu mpaka kwenye tukul, na kurudi, na kwenda tena, mpaka Mama akaniambia nitawaonyesha wapita njia kwamba tunaficha kitu.

Yeye ndiye aliyepata njia. Waganda wenzake wafanyabiashara, waliokuwa Sherikat, mtaa ulio ng'ambo ya daraja la Nile, walikuwa wanaondoka Jumamosi kwa lori kupitia barabara ya Nimule, ya kwenda mpaka wa Uganda. Wangetupa nafasi sote watatu, mradi tufike Sherikat wenyewe. Maana yake tuvuke daraja, na darajani kulikuwa na askari waliosimamisha kila mtu.

"Huyu naongea kama Mukenya," Mama akasema. "Huyu naenda kama Mukenya. Wewe Madam na yeye, walimu wawili wa Kenya. Mimi naandika kadi ingine." Alikuwa na kadi tupu na muhuri ndani ya begi lake. Angeandika jina la ubatizo na jina la pili la kawaida, ambalo mtu yeyote wa Kitale angeweza kuitwa. "Sasa picha tu ndiyo hakuna."

Studio za mjini zilikuwa zimefungwa, na mbili tulisikia zimevunjwa. Umeme hakuna, mafuta ya jenereta hakuna, na picha ya kwenye simu huwezi kuibandika kwenye kadi. Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na filamu moja.

"Hapana," mwalimu wa historia akasema. "Nitaenda bila kadi."

"Urefu huo, bila kadi?" Mama akauliza.

"Basi niende na ile yangu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema polepole, akiangalia mikono yake, kwamba Kitale walimwambia miaka yote kwamba yeye si wa pale. Akaja Juba, akaambiwa yeye si wa hapa pia, Mkenya asiye na alama hata moja. "Hiyo kadi, Madam, ndiyo karatasi ya kwanza kusema mimi ni wa mahali fulani. Sasa mnataka niitupe siku ambayo wenzangu wanauawa kwa ajili ya alama hii?"

Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka. Nilimfokea kwa kunong'ona, jambo ambalo halifokei mtu vizuri. Nikamwambia ile mistari si ya baba yake, ni ya dawa iliyopita kwenye vitundu, ni uzembe wangu, na mimi sitakubali mtu afe kwa uzembe wangu. Nikamwambia baba yake ameshakufa na mama yake bado anampigia simu. Hilo la mwisho halikuwa neno la kumwambia mtu. Akainuka, akaenda kwenye tukul. Baada ya muda mrefu akarudi, akavuta kigoda mpaka kwenye ukuta mweupe, akakaa.

"Piga," akasema.

Nikampiga picha kumi na mbili. Mama akaitia ile kadi kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria ya maharagwe, na mimi nikaikata negativu ya picha ile kwenye filamu ya zamani na kuitia humo humo. Ilitoa harufu mbaya. Mwalimu wa historia alikaa akaangalia mpaka ikaisha, kisha akauliza kama maharagwe yameiva.

Niliziba dirisha kwa mablanketi mchana ule ule. Chumba kikawa joto la kupikia. Lori la maji halikuwa limepita kwa zaidi ya wiki, na zir lilikuwa na maji ya kuosha mara mbili tu, kwa kubana sana. Kwa hiyo nikafanya alichonifundisha mjomba kwa siku za wasiwasi: nikaikata filamu katikati gizani kwa mkasi, nusu ya kujaribia, nusu ya akiba. Nusu ya kwanza nikaitia kwenye tangi, nikailowesha, nikamimina dawa. Nikaanza kugeuza.

Nilijua yote ya kufanya. Geuza mara tatu taratibu, gonga tangi chini ili mapovu yatoke, weka, ngoja dakika ipite, rudia. Dakika ya pili mlio ukapasuka mtaa wa pili na mikono yangu ikaanza kazi yake yenyewe. Niliuona mkono ukitikisa. Niliuambia uache. Nilikuwa nahesabu thelathini mahali pa sitini, nageuza, nageuza tena, kwa kuwa kugeuza kulikuwa ndiyo kitu pekee cha kufanya kwenye chumba kile na kungoja kulinishinda. Nilipoitoa filamu na kuiinua kwenye mwanga, sita zote zilikuwa na mistari. Ile ile, pale pale.

Nilitupa taulo ukutani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwona amekufa darajani kwa sababu mimi ni mtu nisiyeweza kukaa kimya dakika kumi na moja.

"Nipe," mwalimu wa historia akasema kutoka mlangoni.

"Hujawahi kufanya."

"Nimekusikia ukilalamika mwaka mzima. Kila kosa nalijua."

Nikaizungusha ile nusu ya mwisho kwenye kigurudumu chini ya blanketi, nikafunga kifuniko, nikampa tangi. Nikamimina dawa mimi, kwa kuwa hilo ni la haraka na haraka naijua. Halafu nikakaa kitandani na kuikalia mikono yangu, kweli, nikaiweka chini ya mapaja.

Aliligeuza tangi kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Mara tatu. Akaligonga chini kidogo, akaliweka, akaiangalia saa ya ukutani bila kuhema juu juu. Dakika ikapita. Akaligeuza tena, safari hii akilizungusha kidogo mkononi ili dawa isifuate njia ile ile. Sikuwa nimemwambia hilo. Pengine nilimwambia siku moja nikiwa nalalamika. Dakika ya sita gari likasimama mbele ya lango, injini ikinguruma, na sauti za wanaume zikasikika. Nilisimama. Nilitaka kumwaga kila kitu, nimsukume chini ya kitanda, nifanye lolote. Bila kugeuka akaninyooshea kiganja, kama anavyowafanyia watoto wa darasa la nne. Dakika ikatimia. Akageuza mara tatu, akagonga, akaweka. Gari likaondoka katika dakika ya tisa. Nakumbuka tisa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kufa, si yeye.

Tukaikaza kwa dawa ya pili, ile inayoizuia picha isififie, tukaisuuza kwa vikombe vya maji yaliyobaki, kimoja baada ya kingine, maji ya mwisho yakiwa na mchanga. Nikaiinua kwenye mwanga. Uso wote ulikuwa wa kijivu kimoja, kutoka sikio hadi sikio, bila doa, bila mstari. Katika maisha yangu yote sijawahi kutoa filamu nzuri namna ile, na ile si mimi niliyeitoa. Mchana huo nikaichapa kwa kuibana juu ya karatasi ya picha chini ya kioo cha dirisha na kuwasha tochi kwa kufumba na kufumbua. Picha ikatoka saizi ya kadi barabara.

Nikampa. Akaitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote.

"Safi," akasema, kama mtu anayeambiwa aisifie sakafu iliyopigwa deki.

Jumamosi asubuhi tukatembea. Mama alitangulia na begi kichwani, mimi na yeye tukafuata bega kwa bega, na njia nzima nilimnong'oneza asiseme neno la lugha yake hata akijikwaa. Nilikuwa nimemkataza hata ndani ya tukul. Nilikuwa nimemkataza kuota kwa sauti.

Askari wa darajani alikuwa kijana mwenye macho mekundu. Akamwacha Mama apite, akachukua pasipoti yangu, akarudisha. Kisha akamwangalia mwalimu wa historia kutoka miguuni mpaka juu, na huko juu kulikuwa mbali.

"Ita min wen?" Wewe unatoka wapi.

"Mimi ni Mkenya. Mwalimu."

Askari akaingia Kiswahili. "Kenya wapi?"

"Kitale."

"Kitale iko nini?"

"Mahindi," akasema. "Na mvua. Na baridi asubuhi."

Askari akaichukua kadi. Akaitazama picha, akamtazama, akaitazama tena, akaisogeza karibu na macho kama anayetafuta kitu kilichofutwa. Picha haikuwa na kitu. Kisha akamwambia avue kofia na kuinama. Mwalimu wa historia akainama kama anavyoinama kwenye mlango. Askari akaweka kidole gumba kwenye sikio lake la kushoto, akakipitisha juu ya paji taratibu mpaka sikio la kulia, akikandamiza ngozi. Akarudia, chini kidogo. Mimi nilikuwa nimeyashika mapindo ya gauni langu kwa nguvu hata kucha zikaumiza viganja.

"Kalas," askari akasema. Basi. Akamrudishia kadi. "Ruwa."

Tukaenda. Lori la Sherikat lilikuwa limejaa wanawake, magodoro na kuku, na tukakaa juu ya magunia mpaka mpakani. Mwalimu wa historia alikaa na mkono kwenye paji la uso njia nzima. Nilifikiri ni jua. Nikampa kitambaa changu, akakishika bila kukitumia.

Upande wa Uganda lori lilipaki karibu na vibanda vya chakula. Mama akatoa simu yake yenye laini ya Uganda, akampa mwalimu. "Wewe naitia mama yako sasa," akamwambia, yaani amwite. Akabonyeza namba kwa kidole kimoja kimoja, akasubiri. Mama yake alipoitika, lugha yake ikamtoka yote kwa mpigo, kwa sauti kubwa, kwa haraka ambayo sikujua anayo. Watu kwenye vibanda wakageuka kutazama. Na mkono wangu ukaruka. Sikuuamuru. Uliruka ukamfunika mdomo, ukambana.

Tulikuwa Uganda. Mbele yetu palikuwa na mwanamke anayechoma mahindi na wapakizi wawili wanaokula, hakuna askari, hakuna wa kuogopa. Nilijua hivyo, na mkono haukutoka. Naye hakuuondoa. Alisimama tu pale na urefu wake, simu sikioni, akiningoja mimi niumalize woga wangu, na ndani ya ile simu nilimsikia mama yake akimwita kwa jina lake, lile ambalo hatukuliandika kwenye kadi, akiita na kuita, akimtafuta.